Mashine au Nyumbani: Wazee wa Nyeri na Figo Zilizochoka

Katika wodi za hospitali za Nyeri, Karatina na Nanyuki, kauli moja huigawanya familia kila inapotamkwa: mzee huyu anaweza kutunzwa nyumbani. Binti ambaye amekuwa akimwogesha na kumgeuza kitandani husikia kwamba mzazi sasa atapumzika. Kifungua mimba aliye Nairobi, anayefuatilia mambo kupitia kundi la WhatsApp la familia, husikia kwamba hospitali imekata tamaa au bima imekataa kulipa. Majirani husikia kwamba watoto wamechoka kutoa pesa. Mzee mwenyewe, mara nyingi, hajaambiwa lolote.

Mkanganyiko huo ulizidi tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali (NHIF). Familia zililazimika kujifunza upya mfuko upi unalipia zahanati, upi ni bima ya jamii, na upi unaingilia kati ugonjwa sugu unapomaliza fedha za bima. Katika pilikapilika hizo maswali mawili yamefungwa pamoja kana kwamba ni moja. La kwanza ni la kitabibu: je, mashine ya kusafisha damu itamfaa mzee huyu? La pili ni la fedha: nani atalipa? Yakichanganywa, kila jibu la kitabibu huonekana kuwa kisingizio cha fedha, na kila upungufu wa fedha hujificha nyuma ya maneno ya daktari.

Mzee anayezungumziwa hapa ni yule aliyepita miaka 75 au karibu na hapo, mwenye presha au kisukari cha muda mrefu, pengine na moyo dhaifu pia, ambaye figo zake zimefika hatua ya mwisho na hawezi kupandikizwa nyingine. Kwa kijana mwenye figo mbovu hoja ni tofauti kabisa, na lolote lisemwalo hapa lisichukuliwe kuwa ni lake.

Tulivyofika hapa

Mwaka 2018, serikali ilipochagua kaunti nne za kujaribia mpango wa afya kwa wote, Nyeri ilikuwa mojawapo pamoja na Kisumu, Isiolo na Machakos. Ilichaguliwa kwa mzigo wake wa magonjwa yasiyoambukiza, hasa kisukari. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 18 hadi 69 nchini ana presha ya juu. Presha na kisukari ndivyo vyanzo vikuu vya figo kuharibika ukubwani, na huziharibu kimya kimya. Mtu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu za figo kabla ya kuhisi chochote zaidi ya uchovu, ambao mkulima wa chai wa Chinga au wa kahawa wa Mathira huuhesabu kuwa ni uzee. Akiumwa viungo hununua diklofenaki au ibuprofeni dukani, dawa ambazo huzidi kuziumiza figo zilizokwisha kudhoofika.

Matokeo yake ni kwamba wengi hugunduliwa wakiwa mahututi: miguu imevimba, pumzi zimebana, akili imeanza kupotea. Hapo uamuzi mkubwa kuliko yote hufanywa usiku katika chumba cha dharura, mpira ukiingizwa kwenye mshipa wa shingo kabla familia haijakaa chini kuzungumza. Mashine ikishaanza, swali halibaki kuwa "tuanze au tusianze?" Linakuwa "nani atathubutu kusema tuache?" Sehemu kubwa ya ugomvi tunaousikia imezaliwa na kuchelewa huku.

Upande wa huduma nao una historia yake. Tangu 2015 mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali ulipeleka mashine za kusafisha damu katika hospitali za kaunti, na NHIF ikawa inalipa shilingi 9,500 kwa kila kikao. Hilo lilikuwa jambo jema na liliokoa maisha ya wengi ambao zamani wangelazimika kuhamia Nairobi au kufa. Huduma ya hospisi ilikua kwa njia nyingine. Hospisi ya Nairobi ilianza 1990. Ya Nyeri ikafuata katika muongo huohuo, na ya Meru baadaye. Zilijengwa kwa michango, kwa kujitolea na kwa ukaidi wa wauguzi wachache, zikiwalenga hasa wagonjwa wa saratani. Mgonjwa wa figo hakuwa akilini mwa wengi. Hata leo katika miji ya Mlima Kenya jina la hospisi huwakumbusha watu saratani, na familia ya mgonjwa wa figo haiwazi kubisha hodi huko.

Hoja ya mashine

Wanaotetea kusafishwa damu kwa kila mzee wana msingi wa haki, nao usipuuzwe. Umri peke yake si ugonjwa. Yupo mzee wa miaka 80 anayepalilia shamba lake Tetu na kwenda kanisani kwa miguu. Figo zake zikichoka, mashine inaweza kumpa miaka ya maisha anayoyafurahia. Ukiweka kanuni kwamba baada ya miaka 75 mashine ni ya wengine, umefungua mlango wa kuwabagua wazee katika kila huduma. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na Ibara ya 57 inaahidi wazee heshima na matunzo kutoka kwa familia na dola. Wapo pia wanaohofu kwamba mazungumzo ya utunzaji wa nyumbani huelekezwa zaidi kwa maskini. Hofu hiyo ina uzito. Nchi ambayo tajiri hupewa mashine na maskini hupewa ushauri haina la kujivunia.

Hata hivyo mashine haimpi kila mzee kile inachompa kijana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 uliwafuata wakazi 3,702 wa nyumba za wazee walioanza kusafishwa damu. Baada ya mwaka mmoja asilimia 58 walikuwa wamefariki, na ni asilimia 13 tu waliobaki na uwezo uleule wa kujihudumia waliokuwa nao kabla ya kuanza. Utafiti wa Uingereza wa 2007 kuhusu watu waliozidi miaka 75 uligundua kwamba faida ya mashine katika kurefusha maisha hupungua sana kwa wale wenye magonjwa mengine mengi, hasa ya moyo. Tahadhari inahitajika: wakazi wa nyumba za wazee za Marekani kwa kawaida ni dhaifu kuliko mzee wa Mukurwe-ini ambaye bado anakamua ng'ombe wake. Lakini mzee wa Mukurwe-ini ambaye haamki kitandani bila kushikwa anafanana nao sana, na ni huyo tunayemzungumzia.

Kisha iko safari. Vikao viwili kwa wiki, vya saa nne hivi kila kimoja, ni hesabu ya karatasi. Mzee anayetoka kijiji cha ndani ya Othaya au Kieni huamka alfajiri katika baridi ya mlima, hubebwa hadi barabarani, hupanda matatu, hungoja zamu, kisha hurudi akiwa ameishiwa nguvu. Siku ya pili yake hulala tu. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei, barabara za udongo mwekundu zinapoteleza, safari hiyo hukwama. Mzee mwenye moyo dhaifu huweza kushuka presha ghafla akiwa mashineni, na mpira wa shingoni huleta maambukizi. Mtu anaweza kumaliza miezi yake ya mwisho kati ya wodi, stendi na kitanda.

Hoja ya nyumbani

Tiba shufaa, yaani huduma inayolenga kumtuliza mgonjwa na kumpa maisha bora bila kulazimisha kurefusha siku, si kuacha kutibu. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Mzee wa figo anayetunzwa nyumbani bado anatibiwa presha, bado anapewa dawa za kupunguza maji mwilini, na upungufu wake wa damu bado unashughulikiwa. Kinachoachwa ni mashine peke yake. Wengi wanaochagua njia hii mapema huishi miezi kadhaa, na baadhi yao mwaka au zaidi, kwa sababu figo zilizochoka hazizimiki kwa siku moja.

Kazi yenyewe ni ya kila siku na ina ufundi wake. Kuwashwa ngozi hadi mzee ajichune hupungua kwa mafuta ya kulainisha ngozi na dozi ndogo ya gabapentini, dawa ambayo kwa figo zilizokufa ni lazima ipunguzwe sana. Kichefuchefu kina dawa zake. Pumzi zikibana, mzee hukalishwa kwa mito na dirisha hufunguliwa hata kama ni Julai, huku blanketi likifunika miguu. Dawa ya kutoa maji huongezwa, na morfini kidogo sana hutuliza ile hofu ya kuzama. Diklofenaki hukatazwa kabisa.

Chakula ni suala ambalo familia za Mlima Kenya hulihisi sana. Viazi, ndizi, nduma na maharagwe, ambavyo ndivyo karibu kila kinachopikwa, vina potasiamu nyingi. Mgonjwa anayetarajia kuishi muda mrefu huelekezwa kuvipunguza, na viazi kuchemshwa vikiwa vimekatwa vipande na maji kumwagwa. Lakini siku zinapokuwa chache masharti hulegezwa. Kumnyima mzee mukimo wiki mbili kabla ya kifo ni kumtesa bila faida, na daktari anayesema hivyo waziwazi huiondolea familia mzigo mkubwa.

Morfini inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndiyo dawa ya maumivu makali inayopatikana kwa bei nafuu katika hospitali zetu, ikichanganywa kuwa ya maji. Kwa mgonjwa wa saratani mwenye figo nzima ni rafiki. Kwa mgonjwa wa figo, mabaki yake hushindwa kutoka mwilini, hulundikana, na kumletea usingizi mzito, kushtukashtuka misuli na kuchanganyikiwa. Fentanili na methadoni ni salama zaidi kwake lakini huwezi kuzitegemea katika kila mji. Kwa hiyo dozi hupunguzwa, muda kati ya dozi hurefushwa, na mtu mwenye ujuzi humtembelea mgonjwa kuangalia. Ujuzi wa hospisi uliojengwa juu ya saratani hauwezi kuhamishwa tu kwa mgonjwa wa figo bila mafunzo. Huu ni udhaifu halisi wa njia ya nyumbani, na watetezi wake huutaja mara chache mno.

Mabega yanayobeba

Udhaifu mwingine una sura ya mwanamke. Neno "nyumbani" linapotamkwa wodini, maana yake halisi ni mke mwenye miaka 70 na magoti mabovu, au binti aliyerudi kutoka Nyahururu, au mke wa mwana anayechuma chai kwa siku. Yeye ndiye atakayeamka saa nane usiku. Anayeamua kwa kawaida ni mwingine, yule mwenye kutuma pesa. Umbali kati ya anayeamua na anayeosha ni chanzo cha maamuzi mabaya pande zote mbili. Aliye mbali hudai mashine ili asihukumiwe na ukoo, na aliye karibu hunyamaza kwa kuwa akisema amechoka ataonekana anamtakia mzazi kifo.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini kote waliozinduliwa rasmi Septemba 2023 na kupewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, wako karibu na mlango wa mzee kuliko mtu mwingine yeyote wa mfumo. Wanalijua boma. Lakini posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na kazi yao ilipangwa zaidi kwa uchunguzi na rufaa. Kuwaongezea wagonjwa wanaokaribia kufa bila muuguzi nyuma yao ni kuwaonea.

Liko pia jambo dogo la karatasi linalotisha familia kuliko inavyostahili. Kifo cha hospitali huandikwa na hospitali. Kifo cha nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu, naye hutoa fomu ya kuruhusu mazishi. Familia isiyojua hili humkimbiza mzee hospitalini saa zake za mwisho ili tu "karatasi zisilete shida," na mzee huishia kufa ndani ya probox barabarani.

Njia za kati

Kati ya pande hizi mbili kuna jaribio la muda. Mzee huanza mashine kwa kipindi kinachotajwa tangu mwanzo, tuseme miezi mitatu, kwa makubaliano kwamba siku fulani watakaa na kuuliza: anakula? anatembea? anatamani kesho? Uzuri wake ni kwamba unaheshimu kutojua, maana hakuna daktari anayeweza kutabiri kwa hakika nani atanawiri. Ubaya wake ni kwamba siku hiyo ikifika hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Tena kuacha mashine ni kuingia katika siku za mwisho: mgonjwa ambaye figo zake hazitoi mkojo tena mara nyingi huishi kiasi cha wiki moja au zaidi kidogo. Jaribio linafaa pale tu ambapo timu ya kumpokea nyumbani imeshajulikana kabla ya kuanza.

Kusafisha damu kupitia tumbo, kazi ambayo mgonjwa au mlezi anaweza kuifanya nyumbani, kungefaa sana vijiji hivi, lakini bado hakujaenea Kenya. Miti shamba, kwa upande mwingine, haistahili kuitwa njia: baadhi ya mimea hubeba potasiamu nyingi au sumu ya figo, na inayouzwa kwa ahadi ya "kufufua figo" huwaibia watu fedha na muda.

Dhamiri na dini

Nyeri ni nchi ya Wakonsolata wa Mathari na Wapresbiteri wa Tumutumu, na hofu ya "kumuua mzazi" ni ya kweli kwa waumini. Hapa mafundisho yako wazi kuliko mahubiri mengi ya mazishini. Kanisa Katoliki linakubali kuachwa kwa matibabu yaliyo mazito kupita faida inayotarajiwa, na linatofautisha hilo na kuua kwa makusudi. Mzee hafi kwa sababu watoto wamekataa mashine. Anakufa kwa ugonjwa wa figo. Sheria ya Afya ya 2017 inaitaja tiba shufaa miongoni mwa huduma ambazo kila mtu ana haki nazo, na inamtaka mhudumu ampe mgonjwa maelezo kuhusu hali yake na njia zilizopo. Kumficha mzee ugonjwa wake "ili asishtuke" kunampokonya kitu ambacho utamaduni wa Agĩkũyũ umekiheshimu siku zote: nafasi ya kuwaita watoto, kuagana nao na kuwabariki akiwa na akili timamu.

Fedha zinakoelekea

SHA ilipandisha malipo ya kikao cha mashine hadi shilingi 10,650. Kwa vikao viwili kwa wiki hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 1.1 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Kikao kimoja tu kinazidi posho ya miezi miwili ya mhamasishaji wa afya anayepita nje ya lango la mzee yuleyule. Sisemi fedha za mashine zipunguzwe. Wapo wanaozihitaji, na kuzipigania ni haki. Ninachosema ni kwamba mfumo unaolipa bila kusita kwa njia moja, na kuiachia njia ya pili ijitegemee kwa michango, haujaipa familia chaguo. Daktari mwenye huruma anayejua kwamba hakuna muuguzi atakayefika Kieni Jumapili usiku ataandika mashine hata pale dhamiri yake inapokataa. Naye mzee aliyekosa nauli ataenda nyumbani hata pale mashine ingemfaa. Wote wawili wamesukumwa na hesabu ambayo haikuwahusu.

Kenya ina sera ya tiba shufaa ya 2021 hadi 2030, na ina chama cha kitaifa cha hospisi kinachotoa mafunzo. Uganda, ambako Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, iliruhusu tangu 2004 wauguzi waliofunzwa tiba shufaa waandike morfini. Daktari asipofika kijijini, dawa hufika. Vilima vya Mukurwe-ini na Gatundu vinahitaji uamuzi wa namna hiyo zaidi ya jengo jingine jipya.

Mizani

Kwa mzee ambaye bado anajihudumia na hana ugonjwa mzito wa moyo, ushahidi unaelekea kwenye mashine, angalau kwa jaribio la muda. Kwa mzee dhaifu, mwenye magonjwa matatu, anayebebwa, ushahidi unaelekea nyumbani, na nadhani madaktari wanapaswa kulisema hilo mapema na bila kujificha nyuma ya "mtakavyoamua ninyi." Njia hiyo haigeuki kuwa tiba kwa kuitwa jina zuri. Inakuwa tiba ikiwa na muuguzi, dawa na namba ya simu inayopokelewa usiku. Visipokuwepo, kifungua mimba wa Nairobi ana haki ya kushuku.

Kwa hiyo familia iliyo wodini leo iulize mambo haya kabla ya kutia sahihi ya kuondoka: nani atakuja kumwona mzee na baada ya siku ngapi, dawa ya maumivu na ya pumzi ni ipi, dozi ya figo ni kiasi gani, na itajazwa wapi, Nyeri au Karatina, usiku akizidiwa tumpigie nani, je, hospisi imepewa jina lake, mlezi mkuu atapumzishwa na nani mwishoni mwa wiki, na mzee mwenyewe amesema nini alipoulizwa kwa lugha yake. Hospitali isiyoweza kujibu maswali haya haijamaliza kumtibu, na mzee huyo hajawa tayari kuruhusiwa.